Kwenda muhula mmoja ng'ambo bila kupoteza kazi: mwongozo wa mwanafunzi wa jioni Nairobi

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye mabwana wawili: bosi wa mchana na mhadhiri wa jioni. Nairobi wamejaa. Saa kumi na moja na nusu utawaona Enterprise Road wakikimbilia matatu ya mjini, kitambulisho cha kazi kingali shingoni. Katika miaka minne au mitano ya kusoma hivyo, siku moja tangazo hubandikwa kwenye ubao wa chuo: nafasi za kubadilishana wanafunzi, muhula mmoja Ujerumani, au Uhispania, au hapa jirani Kampala.

Mimi ni karani wa stoo, na safari hiyo nimeiomba mara mbili. Mara ya kwanza nilianzia chuoni. Nikajaza fomu, nikahojiwa, nikapata barua ya kukubaliwa, ndipo nikabisha hodi kwa meneja. Alinisikiliza hadi mwisho kisha akauliza swali moja: "Na Desemba stoo ihesabiwe na nani?" Sikuwa na jibu. Nafasi ikaenda kwa aliyenifuata kwenye orodha. Mara ya pili nilianzia kazini, miezi kumi kabla, na nikaenda. Hatua zilizo hapa nimezipanga hivyo, kazi kwanza, ingawa karatasi zote za chuo zitakusukuma uanze kwao.

Hatua ya 1: Jua ni safari ya aina gani

Kubadilishana wanafunzi ni kwenda kusoma kwingine ukiwa bado mwanafunzi wa chuo chako. Kwa kawaida karo unaendelea kulipa hapa, chuo kinachokupokea hakikutozi ya masomo, na krediti unazopata huko zinahesabiwa kwenye shahada yako. Sharti kubwa ni mkataba kati ya vyuo viwili. Chuo chako kisipokuwa na mkataba na kile cha huko, hata uwe na alama za juu namna gani, mlango huo haufunguki.

Mpango unaotajwa sana ni Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya. Mwanafunzi huenda kwa kawaida kati ya miezi 2 na 12, na kabla ya kusafiri kunatiwa saini mkataba wa masomo wenye pande tatu: wewe, chuo chako na chuo cha huko. Usiuchanganye na Erasmus Mundus, ambao ni shahada nzima ya uzamili. Huo ni wa mwaka mmoja hadi miwili, na kazini mazungumzo yake ni mengine kabisa, mara nyingi ya kujiuzulu.

Wengi huwaza Ulaya tu wakaisahau Afrika Mashariki. Muhula Makerere au Dar es Salaam una faida ambazo mtu wa ajira angezipenda. Kalenda haziachani sana, nauli ni ya basi, na Uganda Mkenya anaingia kwa kitambulisho cha taifa. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano tu, na uchanjwe angalau siku 10 kabla ya safari maana cheti huanza kufanya kazi baada ya muda huo. Ukishachanjwa, ni cha maisha.

Nenda kwenye ofisi ya ushirikiano wa kimataifa ya chuo chako uulize jambo moja kabla ya yote: wanafunzi wa jioni wanakubaliwa? Baadhi ya mikataba iliandikwa ikimfikiria mwanafunzi wa kutwa. Bora ulijue hilo Januari kuliko Agosti.

Hatua ya 2: Hesabu siku, kwa kalamu

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 28, inampa mfanyakazi likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi zenye malipo kamili kwa kila miezi 12 ya utumishi. Ni siku za kazi, kwa hiyo mapumziko ya wiki na sikukuu hazimo. Anayefanya kazi siku tano kwa wiki, siku 21 ni wiki nne na siku moja. Anayefanya kazi hadi Jumamosi, ni wiki tatu na nusu. Wenzangu wa stoo husahau tofauti hiyo wakipiga hesabu na marafiki wa ofisini.

Sheria inaruhusu pia likizo igawanywe mkikubaliana. Kipande kimoja kinapaswa kuwa na angalau wiki mbili mfululizo, na salio linaweza kuchukuliwa hadi miezi 18 tangu kuisha kwa mwaka wa kazi ulioizalisha likizo hiyo. Hapo ndipo mwanafunzi mwenye mipango anapowekeza. Usimalize siku zako mwaka wa kwanza. Bakiza.

Chukua mfano wa Ujerumani. Muhula wa baridi huanza rasmi tarehe 1 Oktoba hadi 31 Machi, na masomo yenyewe huwa kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Februari. Sema unaondoka mwanzo wa Oktoba na kurudi mwisho wa Februari. Ukitoa wikendi, Mazingira, Mashujaa, Jamhuri, Krismasi, Boxing Day na Mwaka Mpya, zinabaki takriban siku 100 za kazi. Una 21 za mwaka huu na umebakiza 10 za mwaka jana: 31. Zilizobaki, karibu 70, hazina mshahara.

Angalia pia upande wa chuo. Muhula huo mmoja wa Ujerumani unakula miwili ya hapa, kwa sababu muhula wetu wa Januari unaanza ukiwa bado huko. Kuhitimu kutasogea. Mwambie mzazi au mwenzi mapema, maana anayehesabu siku za mahafali si wewe peke yako.

Hatua ya 3: Soma ulichotia saini

Toa mkataba wa kazi kabatini, uombe na kijitabu cha sera za wafanyakazi. Unatafuta mambo matatu. La kwanza ni likizo ya masomo. Sheria ya Ajira inataja likizo ya mwaka, ya uzazi, ya baba, ya ugonjwa na ya kuasili mtoto, lakini likizo ya masomo haimo, kwa hiyo haki yako inatoka kwenye mkataba, sera ya kampuni au makubaliano ya chama cha wafanyakazi. La pili ni likizo bila malipo: inatolewa na nani, kwa muda gani, na bima ya matibabu inabaki au inakatika. La tatu ni dhamana ya kurudi. Ukilipiwa mshahara ukiwa masomoni, waajiri wengi, serikali ikiwemo, hukufunga uwatumikie muda fulani baadaye au urudishe pesa. Kwa safari ya muhula mmoja, mimi ningechagua kukosa mshahara kuliko kufungwa miaka. Lakini nilikuwa sina mtoto wa shule wakati huo.

Hatua ya 4: Zungumza, halafu andika siku hiyo hiyo

Usimwendee meneja Jumatatu asubuhi wala siku ya kufunga mwezi. Nenda ukiwa na jibu la swali ambalo hajauliza bado: kazi yako itafanywa na nani. Usianze na ndoto zako. Kwa meneja wa stoo, ndoto zako ni pengo kwenye ratiba.

Mimi nilimwambia, "Mkubwa, nimekuja na habari ya Oktoba, na nimeshapata mtu wa kuhesabu stoo Desemba." Aliweka kikombe cha chai chini. Mara ya kwanza hakukiweka.

Akikubali kwa mdomo, mshukuru, rudi dawatini na uandike kabla jua halijatua. Barua yangu ilikuwa fupi hivi:

"Naomba likizo ya mwaka ya siku 31 kuanzia tarehe 1 Oktoba, yaani 21 za mwaka huu na 10 nilizobakiza, ikifuatwa na likizo bila malipo hadi siku ya mwisho ya Februari. Nitaripoti kazini siku ya kwanza ya kazi ya Machi. Hesabu ya stoo ya Desemba itafanywa na mwenzangu wa zamu ya usiku, ambaye amekubali na ametia saini hapa chini. Naomba kuthibitishiwa kwa maandishi kama nafasi yangu, bima na miaka yangu ya utumishi vitabaki vilivyo."

Sentensi ya mwisho usiiache. Watu hupewa likizo bila malipo, wakarudi wakakuta wamehesabiwa kama waajiriwa wapya.

Peleka nakala mbili kwenye ofisi ya rasilimali watu, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Kama hawapigi mihuri, tuma kwa barua pepe pia.

Hatua ya 5: Kubadilishana likizo na mwenzako

Hii ndiyo hatua inayoamua safari, na ndiyo watu huifanya kwa maneno ya kantini.

Kwanza jua kinachobadilishwa. Mnaweza kubadilishana tarehe kwenye ratiba ya likizo: yeye achukue Aprili yako, wewe uchukue Oktoba yake. Mnaweza kubadilishana zamu na siku za mapumziko, ila kila mmoja abaki na angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, kama kifungu cha 27 cha Sheria ya Ajira kinavyotaka. Mwajiri lazima akubali yote hayo, kwa kuwa ratiba ni yake. Lakini siku zenyewe hazihamishiki kutoka mfuko wa mtu mmoja hadi wa mwingine kwa mapatano yenu tu. Kuna kampuni zenye sera ya kuchangiana siku mtu akiuguliwa. Kampuni yako isipokuwa nayo kwa maandishi, usipange safari juu ya siku za kupewa. Na ukiwa na wazo la kwenda, usiuze siku zako kwa pesa hata kampuni yako ikiruhusu. Shilingi hizo huishia kwenye kodi ya nyumba, nawe ukifika Oktoba umebaki na siku saba.

Niliyofanya mimi: mwenzangu wa zamu ya usiku alikuwa ameandikiwa likizo ya Desemba aende kwao. Krismasi ya mtu ni kitu kizito. Hapa Nairobi, mtu anaweza kukukopesha elfu kumi na akakunyima Desemba. Nilimpa Pasaka yangu, nikaongeza Jumapili sita nimshikie zamu kati ya Mei na Septemba. Alifikiria wiki nzima, akaenda kumuuliza mkewe, akarudi akasema, "Jumapili nane." Tukamaliza kwa saba.

Tuliandika karatasi moja. Juu, majina yetu na namba za kazi. Katikati, tarehe zangu na tarehe zake, kila Jumapili ikitajwa kwa tarehe yake. Kisha mstari huu: "Mmoja wetu akishindwa kwa ugonjwa au msiba, atamwarifu msimamizi, na msimamizi ndiye atakayeamua nani ashike zamu." Chini, saini tatu: yangu, yake, ya msimamizi.

Mstari wa msiba haukutoka hewani. Miaka miwili kabla ya hapo, katika kampuni niliyokuwa nikifanyia kazi, nilibadilishana zamu ya Jumamosi na kijana mmoja ili niende kwenye shughuli za pasipoti. Msimamizi alikuwa amekubali kwa kutikisa kichwa. Alhamisi akahamishiwa tawi la Mombasa. Ijumaa usiku yule kijana akapigiwa simu, babu yake amefariki, akapanda gari la Kisii. Jumamosi msimamizi mpya akafungua stoo akakuta hakuna mtu na lori la mizigo liko langoni. Jumatatu nilikuta barua ya kujieleza mezani, nina saa 48 za kujibu kwa nini nisichukuliwe hatua.

Si jambo la kuchezea. Kifungu cha 44 kinahesabu kutokuwepo kazini bila ruhusa au sababu halali kuwa kosa kubwa linaloweza kumfukuzisha mtu papo hapo. Kifungu cha 41 kinakupa haki ya kusikilizwa kwanza, ukiwa na mwenzako au mwakilishi wa chama chako. Nilichookoka nacho ni ujumbe wa simu niliomtumia msimamizi wa zamani, "Asante kwa kunikubalia Jumamosi," naye akajibu, "Sawa." Neno moja. Nilililipia kwa onyo la maandishi badala ya kibarua changu.

Hatua ya 6: Sasa chuo

Ukiwa na jibu la kazini, karatasi za chuo ni za kuvumilia tu. Utahitaji matokeo rasmi, barua za wahadhiri wawili, barua ya nia na ushahidi wa lugha. Kozi nyingi za kubadilishana hufundishwa kwa Kiingereza, lakini lugha ya mtaani itakusaidia sokoni. Goethe-Institut ya Kijerumani na Alliance Française ya Kifaransa ziko karibu karibu, pale barabara za Monrovia na Loita katikati ya jiji, na mtu wa ajira anaweza kupita jioni ambazo hana darasa.

Kazia macho mkataba wa masomo. Muhula kamili Ulaya huwa krediti 30 za mfumo wao wa ECTS. Mpelekee mkuu wa idara orodha ya kozi, kila moja ikiwa ubavuni mwa kozi ya hapa itakayoibeba, asaini kabla hujapanda ndege. Ukingoja urudi ndipo uombe kulinganishiwa, utasoma tena ulichokwisha kusoma.

Mkumbushe pia karani wa mitihani kwamba alama za Ujerumani zimegeuzwa. Kule 1.0 ndiyo bora, 4.0 ndiyo ya chini ya kufaulu na 5.0 ni kuanguka. Mwenzangu alipata 1.3, karani akamtazama kwa huruma.

Hatua ya 7: Pasipoti na viza

Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, halafu unakwenda kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Kwa Nairobi wengi huishia Nyayo House. Omba siku ya mapumziko kwa ajili hiyo, kwa maandishi, sababu unaijua. Cheti cha maadili mema kikitakiwa, nacho huanzia eCitizen.

Viza ya Schengen ya kawaida, ile ya nchi nyingi za Ulaya, inakuruhusu siku 90 katika kila siku 180, kwa hiyo muhula kamili unataka viza ya taifa la huko ya kukaa muda mrefu. Ujerumani huomba ushahidi kwamba utajikimu. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni yuro 992 kwa mwezi, ambazo huwekwa kwenye akaunti maalumu, au barua ya ufadhili inazifidia. Marekani ina utaratibu wake: chuo cha huko au mfadhili hukupa fomu DS-2019, ndipo uombe viza ya J-1. Isome fomu hiyo. Safari ikiwa imelipiwa na serikali, inaweza kukubana urudi nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba baadhi ya viza nyingine za kule.

Barua ya kazini ya kukubaliwa likizo iweke kwenye faili ya viza. Kwa ofisa anayejiuliza kama utarudi, kazi inayokusubiri ina uzito.

Hatua ya 8: Makato ambayo mshahara ulikuwa ukiyalipa kimya kimya

Mshahara ukisimama, kila kilichokuwa kikikatwa nacho kinasimama, na wenyewe hawajui kwamba uko masomoni. Chukua hati ya mshahara ya mwezi uliopita na upitie mstari kwa mstari.

Mkopo wa sacco ndio wa kwanza. Usipolipa, sacco huwageukia wadhamini wako na kukata akiba zao. Wadhamini wako ni wale wale wa dawati la jirani, na mmoja wao ndiye umemnyang'anya Krismasi. Nenda sacco kabla ya kusafiri, omba kupangiwa upya malipo au acha agizo la benki lenye pesa za miezi yote mitano.

HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kama una mkopo wa shahada ya awali unaokatwa kupitia mwajiri: kukosa kulipa huvuta faini ya Sh5,000 kwa mwezi, nayo hupita hata kiasi ambacho wengine hukatwa. Ofisi zao ziko Anniversary Towers, University Way, hatua chache kutoka chuoni kwa wengine wetu. Afya nayo: mchango wa SHA, bima ya afya ya serikali, ni asilimia 2.75 ya mshahara, na pasipo mshahara mwajiri hana cha kupeleka. Uliza jinsi utakavyoendelea kuchangia, hasa kama mke au mume na watoto wamo kwenye jina lako. Fanya vivyo hivyo kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii.

Ushuru ni rahisi kusahau ukiwa mbali. Ripoti ya KRA, mamlaka ya mapato, hufungwa tarehe 30 Juni, na faini ya kuchelewa huanzia Sh2,000. Aliye nje Juni aombe fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na ushuru uliokatwa, kwa mwajiri kabla ya kuondoka na nywila ya iTax, tovuti ya ushuru, aiandike mahali.

Kodi ya nyumba sina ushauri wa maana. Mimi nilimwachia binamu chumba changu cha mtaa wa Umoja. Nilirudi nikakuta analala yeye na marafiki wawili na sufuria yangu kubwa haipo.

Hatua ya 9: Kukabidhi na kurudi

Wiki ya mwisho andika ukurasa mmoja wa makabidhiano: funguo ziko wapi, nani husaini hati za mizigo, msambazaji gani hubishana. Usiandike kumi, hakuna atakayezisoma.

Ukiwa huko, tuma barua pepe katikati ya safari, mistari miwili, ukithibitisha tarehe ya kurudi. Muhula ukirefushwa kwa sababu ya mtihani, omba nyongeza kabla likizo haijaisha, maana siku moja ya kuzidi bila ruhusa inakurudisha kwenye kifungu cha 44.

Siku ya kuripoti nenda kwanza rasilimali watu, usaini kitabu cha kurejea, ndipo uende stoo. Uliza mshahara umerudishwa kwenye orodha ya mwezi huo kabla hawajaifunga, kwa kawaida katikati ya mwezi. Kisha mtafute yule aliyekushikia Desemba. Wangu alikuwa ameninukulia hesabu yote ya stoo kwa mkono kwenye daftari, katoni kwa katoni, na chini kabisa ameandika: "Pasaka ni tarehe ngapi mwaka huu?"